Haki ya Mavuno: Nafaka Zetu Zamani na Leo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika siku ya maadhimisho ya Jumuiya)



 Nilipoambiwa nichague jambo la kuzungumza, nilifikiri sana. Mimi si mwanachuoni, wala si mtu wa siasa. Mimi ni mkulima wa Busoga, mwana wa mkulima na mjukuu wa mkulima, na sehemu kubwa ya elimu niliyo nayo nimeisoma kwa jembe. Kwa hiyo nimeazimia kuzungumza juu ya mavuno ya nafaka: namna wazee wetu walivyovuna, namna tunavyovuna sisi, na kile kilichopotea baina ya wao na sisi. Kisha nitakiri mbele yenu jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo ndilo hasa lililonisukuma kuandika maneno haya.

Ndugu zangu, kabla mahindi hayajatawala mashamba yetu, nafaka za nchi hii zilikuwa ulezi na mtama. Ulezi, ambao wengine huuita wimbi, na kwa Kiganda ni obulo, ni mwenyeji wa nchi zetu tangu zama za kale. Wataalamu husema ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda maelfu ya miaka iliyopita. Mtama nao haukutoka mbali, kwani asili yake ni upande wa mashariki ya Sudani. Nafaka hizi mbili, pamoja na ndizi na viazi, ndizo zilizowalea babu zetu.

Mimi niliudiriki ulezi nikiwa mtoto. Ulipokomaa, mama zetu waliingia shambani asubuhi, umande ukiisha kukauka, kila mmoja na kisu chake kidogo mkononi na kikapu ubavuni. Walikata suke moja moja. Suke lililokuwa bado bichi waliliacha katika bua lake mpaka siku nyingine, na lililooza walilitupa pale pale. Sisi watoto tuliona kazi hiyo ni ya taratibu mno, tukachoka. Lakini kumbe katika taratibu ile mlikuwa na hekima kubwa. Mwenye kukata suke moja moja hana budi kuliangalia kila moja. Uchaguzi wa nafaka ulifanyika shambani, kabla haijafika nyumbani.

Kisha masuke yalianikwa juani siku nyingi, nayo yakiisha kukauka barabara hutiwa katika kihenge, ambacho kwa Kiganda huitwa ekyagi. Kihenge kilisukwa kwa fito, kikakandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, kikainuliwa juu ya nguzo ili kisiguswe na unyevu wa ardhi, na juu yake kikavikwa paa la nyasi. Chakula cha siku chache tu ndicho kilichotolewa, kikapurwa kwa fimbo, kikapepetwa kwa ungo na kusagwa juu ya jiwe. Punje ya ulezi ni ndogo mno hata wadudu hawaipendi, na ikiwa kavu hukaa miaka mingi bila ya kuharibika. Wahenga waliposema kwamba akiba haiozi, nadhani walikuwa wakiutazama ulezi.

Lakini nisije nikadhaniwa kuwa ni katika wale wazee wanaosema kila cha zamani ni chema na kila cha leo ni kibaya. La, hasha! Zamani ilikuwa na mashaka yake. Njaa iliipiga Busoga mwaka 1908, ikarudi tena mwaka 1918 na 1919, na watu wengi walikufa. Mvua ikikosekana kabisa, hata kihenge kizuri hubaki kitupu. Wala mavuno yale ya kisu kidogo hayangeweza kuilisha idadi ya watu waliopo leo. Basi sikusudii turudi nyuma. Nakusudia tuulize ni kitu gani walichokuwa nacho wao katika mavuno, ambacho sisi tumekiacha njiani.

Ama mahindi, yeye ni mgeni. Asili yake ni nchi ya Meksiko, ambako watu waliyalima tangu miaka 9,000 hivi iliyopita. Baada ya mwaka 1492 yalivuka bahari, na Wareno walikuwa miongoni mwa walioyaleta katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Watu wa pwani waliyaita mahindi, yaani nafaka ya Kihindi, ingawa hayakutoka Bara Hindi. Kwa Kiganda yaitwa kasooli. Katika Uganda yalienea kwa sababu ya posho, yaani chakula cha wafanyakazi, askari, wafungwa na watoto wa shule. Watu wengi hawakuyahesabu kuwa ni chakula cha heshima cha nyumbani. Waliyachoma tu yakiwa mabichi, wakala wakiwa katika mazungumzo.

Hali hiyo iligeuka polepole. Zilikuja mbegu mpya, kwanza kutoka Kawanda katika mwaka 1971, kisha kutoka Namulonge zile zijulikanazo kwa jina la Longe, tangu mwaka 1991. Ikaja biashara: wanunuzi wa Kenya, na pia Shirika la Chakula Duniani, lililonunua mahindi hapa Uganda kwa ajili ya wakimbizi na wenye njaa. Leo mkulima wa Iganga, Mayuge au Bugiri akitaka karo ya shule, hutazama mahindi. Akitaka bati la nyumba, hutazama mahindi. Akitaka kwenda Hija, hutazama mahindi na kumwomba Mungu. Hiyo ni neema, na neema haikataliwi.

Lakini angalieni namna tunavyoyavuna. Baba yangu aliyaacha mahindi shambani mpaka maganda yakawa makavu kama karatasi na suke limeinamisha kichwa. Yale ya mbegu aliyafunga kwa maganda yake, akayatundika juu ya meko, moshi ukayakausha na kuwafukuza fukusi. Mengine aliyaweka juu ya uchaga, upepo ukayapitia. Kupukuchua ilikuwa kazi ya jioni, watu wamekaa pamoja wakizungumza, na punje mbovu iliyoonekana katika kiganja cha mkono ilitupwa kando.

Sisi leo twavuna kwa haraka, na sababu zetu twazijua. Mwizi anayanyemelea usiku. Shule inafungua na karo inadaiwa. Lori la mnunuzi limesimama njiani, na mwenye lori asema kesho hatakuwapo. Zaidi ya hayo, mavuno ya msimu wa kwanza hutufikia kuanzia mwezi wa Juni na Julai, na mara nyingi mvua bado haijaondoka. Basi twayavunja mahindi yangali na maji, twayamwaga juu ya udongo mtupu uani au kando ya barabara, kuku na mbuzi wakatembea juu yake, mvua ikanyesha tukakimbia kuyakusanya. Kisha twayatia ndani ya magunia na kuyapiga kwa magongo mpaka punje zikapasuka. Twayafunga katika gunia la plastiki lingali na joto lake, twaliegemeza ukutani, na twajisifu kwamba mavuno yamekwisha.

Ndugu zangu, hayajakwisha. Hapo ndipo maangamizi huanza.

Punje yenye maji na iliyopasuka huota kuvu. Kuvu wa namna moja, mwenye rangi ya kijani iliyochanganyika na umanjano, hutoa sumu ambayo siku hizi huitwa sumukuvu, na wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hii ilianza kujulikana mwaka 1960 huko Uingereza, wakati vifaranga vya bata mzinga zaidi ya 100,000 vilipokufa kwa kulishwa karanga zilizoota kuvu. Haionekani kwa macho, haina harufu, wala haiondoki kwa kupikwa. Hata ugali uchemke namna gani, sumu hubaki. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, humharibu ini na kumletea saratani. Na akiila nyingi kwa mara moja, humuua.

Wala jambo hili halikuanza jana wala halikutokea mbali. Kati ya mwaka 1966 na 1967 wataalamu walikusanya vyakula 480 vilivyowekwa akiba katika sehemu mbalimbali za Uganda, wakavipima, na karibu vitatu katika kila kumi vilikutwa na sumu hii. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1971. Katika mwaka 2004, majirani zetu wa Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, walikula mahindi yaliyohifadhiwa yangali na unyevu. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao walifariki dunia. Na mwezi wa Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na ya Tanzania yasivuke mpaka, kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Zuio lile liliondolewa baada ya siku chache na kuwekewa masharti. Lakini nani katika sisi aliyesahau namna bei ilivyoanguka?

Sasa nafikia lile nililoahidi kulikiri.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata mavuno mengi kuliko yote niliyowahi kupata, na mvua nayo ikanyesha wakati wa kuvuna. Mnunuzi alikuwa na macho makali. Nikawaambia vijana wangu wayachambue mahindi: yaliyo meupe yatiwe katika magunia ya mnunuzi, na yaliyobadilika rangi yawekwe kando. Yale ya kando yalijaa magunia mawili. Nikawaza: kuyatupa ni hasara, na mimi nadaiwa zaka. Nikaagiza yapelekwe chuoni kwa ajili ya chakula cha watoto wanaosoma Qurani, na usiku ule nililala nikiwa na raha ya mtu aliyelipa deni.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, alinijia mama anayewapikia watoto wale. Ni mjane, na yeye mwenyewe ni katika wanaostahiki kupewa zaka. Alikaa chini kwa adabu, akanisalimu, kisha akafungua fundo la khanga yake, akamimina juu ya mkeka punje kiganja kimoja. Zilikuwa na rangi ya kijani, nyingine nyeusi.

Akasema, "Hajji, usinikasirikie. Nimezipepeta, nimezikosha mara tatu, lakini sikuweza kuzitia chunguni. Watoto wamekula mihogo. Je, wajukuu zako ungewapikia hizi?"

Sikuwa na jawabu. Nilitaka kusema kwamba sikujua. Lakini, Wallahi, nilijua. Kama nisingejua, kwa nini sikumpa mnunuzi? Nilimwogopa mwenye lori kuliko nilivyomwogopa Mola wangu. Mahindi yangu mazuri yalikuwa yamekwisha kuuzwa, basi nilikwenda dukani nikanunua mengine kwa bei ya juu, nikayapeleka chuoni. Yale magunia mawili niliyachimbia shimo. Hasara ile ilinifundisha zaidi ya faida zote nilizowahi kupata shambani.

Baada ya hapo nilimwendea mmoja wa Masheikh wetu, nikamwuliza hukumu ya zaka ya nafaka kwa ukamilifu wake. Nitawaelezeni kwa muhtasari, na waliopo hapa wanaojua zaidi wanisahihishe. Qurani Tukufu, katika Surat al-An'am, imetuamuru tutoe haki ya mazao wakati wa mavuno. Na katika Surat al-Baqara imetuonya tusichague katika mali zetu kile kibovu, ambacho lau tungepewa sisi tungeona aibu kukipokea. Kiasi kinachowajibisha zaka ni wasaki tano, sawa na pishi za Mtume 300, ambazo wanazuoni wengi wa zama zetu huzikadiria kuwa kilo 650 hivi, na wengine chini kidogo ya hapo. Shamba linalonyeshewa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Linalonyweshewa maji kwa gharama hutolewa nusu ya hiyo. Kwa hiyo mwenye kupata kilo 1,000 kwa mvua ya Mungu, hutoa kilo 100.

Lakini lililonistusha ni hili. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi wetu, zaka huwajibika punje inapokomaa na kuwa ngumu, lakini haitolewi mpaka nafaka ikaushwe na kusafishwa. Na gharama za kukausha na kusafisha ni juu ya mwenye shamba, wala hazipunguzwi katika haki ya maskini. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Wanazuoni wale waliandika hayo karne nyingi kabla mtu yeyote hajalitamka jina la aflatoksini. Sheria inamtaka mkulima amkabidhi maskini nafaka kavu na safi. Basi anayetoa nafaka mbichi yenye kuvu hajatoa zaka. Ameondoa takataka nyumbani kwake.

Na katika biashara hali ni hiyo hiyo. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vyake vikagusa unyevu. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Kila nikiikumbuka hadithi hii, nayaona magunia yetu. Hebu tufanye hesabu. Gunia la kilo 100 lenye maji sehemu 20 katika mia, likikaushwa mpaka sehemu 13, hubaki kilo 92 hivi. Kilo nane zile zilikuwa maji. Anayeuza gunia bichi kwa jina la gunia kavu ameuza maji kwa bei ya mahindi. Na mnunuzi mwerevu, kwa kulijua hilo, hupunguza bei kwa wote, mwaminifu na asiye mwaminifu.

Basi tufanye nini? Mambo yenyewe si mazito, nami nimeyajaribu kwa mikono yangu.

Kwanza, tungoje mahindi yakomae. Ondoa punje, utazame shina lake pale ilipokuwa imeshikana na gunzi. Ukiona alama nyeusi, imekomaa. Pili, tusianike juu ya udongo. Turubai moja hudumu misimu kadhaa, na anayekosa turubai na asimamishe uchaga wa fito kama walivyofanya wazee. Tatu, tusipige kwa magongo. Tupukuchue kwa mkono au kwa mashine iliyotengenezwa vizuri, maana punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. Nne, tupime ukavu kabla ya kufunga gunia. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na punje chache, uitikise vizuri, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Tano, magunia yasiguse sakafu wala ukuta, bali yapangwe juu ya mbao. Mwenye uwezo na anunue ile mifuko isiyopitisha hewa, maana humo hata dumuzi, mdudu yule aliyeingia nchi zetu kutoka Amerika ya Kati, hufa kwa kukosa pumzi, bila ya dawa yoyote.

Na sita, punje zilizoota kuvu zisiliwe na mtu, wala zisipewe kuku wala ng'ombe. Sumu hupita katika maziwa, nasi twawanywesha watoto wetu maziwa hayo. Zifukiwe.

Kwa Jumuiya yetu nina ombi moja. Katika siku hii ya furaha tumekusanya michango kwa ajili ya kazi nyingi za kheri. Natamani sehemu yake inunue maturubai ya kuazimana wakati wa mavuno, ili mjane mwenye shamba dogo asilazimike kuanika udongoni kwa sababu ya umaskini wake. Na ghala letu la zaka liwekewe mbao, na kila gunia lipimwe kwa chupa ya chumvi kabla ya kupokewa, liwe la tajiri au la maskini, la Sheikh au la mwanafunzi. Na la kwanza kupimwa liwe langu.

Pia nawaomba tuwaheshimu mama zetu katika jambo hili. Wao ndio waliokata suke moja moja zamani, na hata leo wao ndio wanaochambua, wanaopepeta na wanaopika. Macho yao ndiyo mizani ya kwanza ya mavuno. Laiti ningemwuliza mke wangu siku ile kabla ya kuyapakia magunia yale mawili, asingekuwapo mtu wa kunirudishia punje zangu juu ya mkeka.

Wazee wetu walikuwa na kisu kidogo, nasi tuna mashine na lori. Wao walivuna kidogo wakaangalia kila suke. Sisi twavuna kingi na hatuangalii. Hilo ndilo tuliloliacha njiani, na kulirudia hakutudai fedha nyingi, bali hutudai subira ya siku chache za jua na hofu ya Mungu. Tukifanya hivyo, maneno ya wahenga yatakuwa kweli tena, na akiba yetu haitaoza.

Namwomba Mwenyezi Mungu atubarikie mashamba yetu, atupe mvua kwa wakati wake na jua kwa wakati wake, atusamehe tulipopunja haki za waja wake, na azirehemu roho za wazee wetu waliotutangulia, waliotuachia ardhi hii na mbegu zake. Amin.